Mlango Tuliousomea Fatiha

Kazi yangu ni anwani. Nakaa dirishani kwenye ofisi ya nyumba za kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, watu wanakuja na karatasi zao, na mimi natazama kama anwani ya bili ya umeme inalingana na anwani ya barua ya benki. Ikilingana, nagonga muhuri. Isipolingana, nawarudisha walikotoka. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na mitano na watu wengi wamenichukia kwa ajili yake, na wana haki. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanihurumia bure huko mbele.

Mama yangu alinifuata London kutoka Unguja akiwa mtu mzima, mjane, na sanduku moja. Tulikaa Wembley, ghorofa ya tatu, yeye, mimi na binti yangu ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Watu wa kwetu walipokuja kumtazama na kumwambia karibu Ulaya, aliwajibu vilevile wote: hakuja kukaa, amekuja kumtafuta kaka yake.

Huyo kaka yake, mjomba wangu, mimi sikumdiriki. Aliondoka Unguja kijana, baada ya Mapinduzi, kwa njia ambazo hakuna aliyezieleza vizuri. Baba yao alikuwa ameshakufa na mama yao alikuwa mtu wa kitandani, kwa hiyo yeye ndiye aliyemlea mama yangu. Alimpikia uji, akamfulia nguo, na kila asubuhi alimsuka nywele kabla mtoto hajakwenda chuoni kusoma Kurani, vibaya kabisa, mkia mmoja juu na mwingine chini, mpaka wasichana wenzake wakamcheka. Mama alikuwa akinihadithia habari hiyo huku anajishika kichwa, kama bado anaumia. Halafu mjomba akafa huku huku London. Habari ililetwa kwa mdomo na baharia mmoja aliyeteremka melini: kaka yenu amefariki, amezikwa, poleni. Wapi, hakusema. Na mtu mwenyewe akarudi melini akaenda zake.

Basi nadhiri ya mama ilikuwa hii: harudi kwao mpaka amtolee salamu kaka yake pale alipolala. Na akishamtolea, haongezi wiki. "Mimi sizikwi kwenye baridi hii," alikuwa akisema. "Nikishamwona, unanipakia ndege nakwenda zangu."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Siku tutakayolipata kaburi ndiyo siku nitakayompoteza mama. Mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua, na tukakaa hivyo miaka ishirini na kidogo, tunakunywa chai.

Alichokuwa nacho mkononi ni foronya. Foronya ya mto, nyeupe, imefungwa kwa uzi wa katani, na ndani yake barua za mjomba pamoja na karatasi nyingine za ukoo. Binti yangu alipokuwa skuli alipenda kuzimwaga kitandani kwa bibi yake na kuuliza maswali, bibi anamjibu kwa Kiswahili na yeye anauliza tena kwa Kiingereza, na kila mmoja anaelewa. Kilichomshangaza zaidi ni bahasha. Barua zote za mjomba kwa mama ziliandikwa juu jina la kaka yangu mkubwa, ambaye barua ya kwanza ilipofika alikuwa na miezi mitatu.

"Mtoto mchanga anaandikiwa barua?" akauliza.

"Ulitaka jina langu lisomwe dukani, wanaume wamejaa?" mama akasema. "Barua ya mwanamke inaandikwa jina la mwanawe. Kila mtu anajua ni ya nani."

Na chini ya jina la mtoto mchanga yakafuata maneno mengine: kwa mkono wa Bwana fulani, muuza mafuta ya taa, nyumba ya mbele ya kisima. Sisi hatukuwa na sanduku la posta. Mtaa mzima ulitumia sanduku la muuza mafuta ya taa. Barua ikifika anaiweka nyuma ya mizani, na ukienda kununua kibaba cha mafuta unapewa na barua yako. Mjukuu akitaka kujua kwa nini bibi yake hakuandikiwa nyumbani kwake, mama alikuwa akimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini samaki hana miguu. Nyumba haikuwa na namba. Aliyekuwa na namba ni muuza mafuta.

Hayo yalikuwa mbele ya bahasha. Nyuma, kama ilivyo desturi, mjomba aliandika jina lake na anwani yake ya London: namba ya nyumba na mtaa, upande wa Kentish Town. Bahasha ishirini na tatu, zote anwani moja. Mama hakusoma Kiingereza, lakini mistari ile miwili aliijua kama anavyoijua Alhamdu, kwa sababu alikuwa akiinakili mwenyewe kila akimjibu.

Kwa hiyo alipofika huku, jambo la kwanza alinitaka nimpeleke pale. Ilikuwa nyumba nyembamba ya matofali kama za jirani zake, ina ngazi tatu na mlango wa kijani. Mama alisimama upande wa pili wa barabara, akaitazama sana, halafu akavuka, akasimama mbele ya geti, akanyanyua mikono, akamsomea kaka yake Fatiha. Kaburi halijulikani, basi hapa alipokuwa akiishi patatosha kwa sasa. Ndivyo alivyosema. Na kutoka siku hiyo tukaenda kila mwaka, Alhamisi ya mwisho ya Shaabani, wakati kwetu watu wanapozuru makaburi kabla ya Ramadhani. Yeye na buibui lake jeusi, ameinua mikono mbele ya geti la watu, na mimi nyuma nimeshika mwavuli na kununa, maana Alhamisi ni siku ya kazi na nilikuwa nimeomba ruhusa.

Hatukubisha hodi hata mara moja. Mama hakutaka. Wenyewe watakuwa Wazungu, alisema, tutawaambia nini?

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Katika barua zake mjomba alieleza chumba chake: kidogo, juu kabisa, upande wa nyuma, na treni zinapita chini ya dirisha mpaka vikombe vinagongana. Mtaa ule haukuwa na treni. Ulikuwa kimya, una miti na paka. Mama alisikiliza huku na huku miaka miwili mitatu ya mwanzo, mwisho akajikatia shauri. "Washaing'oa reli," akasema. Na mimi, mtu wa anwani, niliyekuwa nikiwarudisha watu kwa herufi moja, nikasema ndiyo, labda wameing'oa.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu.

Mwaka mmoja mama alishikwa na homa ya mapafu akalazwa. Usiku wa pili alinishika mkono akaniambia ataondoka bila ya kumwona kaka yake, na mimi nafanya kazi serikalini na nimeshindwa kumtafutia karatasi moja. Maneno yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nikaagiza cheti cha kifo cha mjomba. Nililijaribu jina lake kila namna, maana majina yetu matatu wenzetu hawa huyapanga wapendavyo, na mwisho nikampata. Cheti kikaja kwa posta baada ya wiki mbili. Mama alikuwa ameshapona, yuko jikoni anasukuma chapati na kumsema mtangazaji wa redio.

Nilikifungua ukumbini, nimesimama. Jina ni lake. Kazi: msafisha mabehewa. Nikafika kwenye safu ya makazi, na hapo nikakuta kitu nisichokijua. Juu nyuma, namba sita, Nyumba za Reli, Neasden. Hakuna mtaa ninaoujua, hakuna msimbo wa posta. Nikatafuta kwenye ramani ya simu, haipo. Neasden mimi napita kila siku kwenda kazini na sijapata kusikia Nyumba za Reli. Anwani hailingani na ya bahasha. Nikakikunja cheti, nikajiambia huyu ni mtu mwingine aliyefanana jina, nikakitia kwenye droo chini ya karatasi za bima.

Nisiseme uongo. Niliona kwamba chini yake mna maandishi mengine, mistari mitatu minne. Sikuyasoma. Jikoni mama alikuwa anaita chapati zinapoa, na mimi nikaenda kula. Nilikula nne.

Kikakaa katika droo ile miaka mitatu.

Aliyekitoa ni binti yangu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, anasoma chuo kikuu, anatafuta cheti chake cha kuzaliwa kwa ajili ya pasi mpya, na yeye hajui kupekua kimyakimya. Akaja nacho mezani, mama na mimi tunakunywa chai ya jioni, akasema kwa Kiingereza chake, "Bibi, hiki ni cha kaka yako?"

Nilitaka kumnyang'anya. Nikammiminia mama chai.

Mama akamwambia asome. Akasoma, anafasiri kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, safu moja baada ya moja: jina, umri, kazi, ugonjwa wa moyo, Juu Nyuma, Nyumba za Reli. Nikadakia, nikasema nilikiona hicho, anwani si yake, ni mtu mwingine.

"Wacha amalize," mama akasema. Hakunitazama.

Binti akaendelea. Mwenye kutoa habari za kifo: jina la mwanamume, jina la kwetu hasa, la Kiislamu na la ukoo unaojulikana Unguja. Cheo chake katika jambo hili: ndiye aliyesimamia maziko. Anwani yake. Na akasoma namba na mtaa wa Kentish Town.

Mama alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini polepole. "Rudia," akasema. Mtoto akarudia. Mama akanyanyuka mwenyewe, akaenda chumbani, akarudi na foronya, akatoa bahasha moja, akaiweka kando ya cheti. Akafuatisha kwa kidole mistari yake miwili, halafu mistari ya cheti.

"Mkono," akasema.

Mimi sikuelewa. Naapa sikuelewa, na ndiyo kazi yangu.

"Kwa mkono wa," mama akasema. "Hakuwa akikaa pale. Alikaa huko kwa kubahatisha, leo hapa kesho kule, watoto wa watu wote walikuwa hivyo. Barua zake zilipita kwa mtu. Sisi tulikuwa na muuza mafuta ya taa, na yeye alikuwa na wake. Hakuandika kwa sababu posta ya Kizungu haina haja ya kuambiwa. Na mimi mpumbavu nikadhani Ulaya kila mtu ana mlango wake." Akakaa. "Nimemsomea Fatiha muuza mafuta ya taa miaka ishirini na mbili."

Binti yangu akacheka, mama naye akacheka, na mimi nikaanza kucheka nikidhani nimeponea hapo. Kumbe mtoto bado ameshika karatasi. Nakala hii, akasema, imetolewa tarehe fulani. Akaisoma tarehe. Akahesabu. Akaniangalia.

Mama naye akaniangalia. Halafu akasema chai imepoa, akaichukua birika akaenda jikoni, na usiku ule hakuniambia neno jingine. Kulipokucha alinikuta mlangoni navaa viatu vya kazi. "Huendi kazini leo," akasema. "Unanipeleka kubisha hodi."

Tulikwenda watatu. Mlango ulikuwa ule ule wa kijani, umepauka. Mama akapanda ngazi tatu ambazo hajapata kuzikanyaga, akaita hodi kwa sauti yake yote, hodi ya kwetu, halafu ndiyo akabonyeza kengele. Pazia la dirisha la chini likatikisika. Baadaye tukasikia mkongojo unakuja taratibu ukumbini, ukasimama nyuma ya mlango, na sauti ya mzee ikasema kwa Kiunguja safi:

"Bibi, kama nimekukosea niambie nimekukosea nini. Lakini usinisomee tena. Mimi mtu mzima, sina nguvu hizo."

Mama akanigeukia, mimi nikamgeukia mwanangu. Mama akasema kwenye tundu la barua, "Nikusomee nini, babu?"

"Halbadiri," sauti ikasema.

Alipotufungulia, kwa mnyororo kwanza, kisha mlango wote, tulimkuta mzee mwembamba wa miaka karibu tisini, amevaa sweta na kofia ya kiua, na macho yamemtoka kwa hofu. Na hofu yake ilikuwa na maana. Jitieni mahali pake. Mtu wa Unguja amekaa peke yake Kentish Town, kila mwaka kabla ya Ramadhani anachungulia dirishani anamwona mwanamke wa kwao, buibui jeusi, amesimama mbele ya geti lake, ameinua mikono anasoma kimoyomoyo, na nyuma yake mwanamke mwingine aliyekunja uso. Huyo aliyekunja uso ni mimi. Angefikiri nini tena, ila kwamba anasomewa kisomo cha kuapizwa? Alikuwa akiingia bafuni, anafungua bomba asisikie, anasoma Ayatul Kursiyyu mpaka tuondoke. Mwaka mmoja wiki moja baada ya sisi kuja akaanguka akavunjika nyonga. Basi hapo akaamini kabisa.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Alikaa kwenye ngazi za ndani, anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, anasema masikini, masikini babu wa watu. Mzee akasimama hajui acheke au alie. Kisha mama akamtajia jina la kaka yake, na yeye ni nani, na hapo uso wa mzee ukabadilika.

"Wewe ndiye yule mdogo wake," akasema. "Wa nywele."

Kicheko kikamwisha mama palepale.

Tulikaa sebuleni kwake, palipojaa nguo za watu zinazongoja kupunguzwa, maana alikuwa fundi cherehani na alikuwa bado anashona kidogo. Akatueleza. Siku zile yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa nyumba hii, anawasha moto na kufagia ngazi, kwa hiyo hakuwa akihamahama kama wenzake. Vijana sita saba wa Unguja na Pemba walitumia anwani yake. "Mimi nilikuwa posta yao," akasema. Jumapili wanakuja kuchukua barua na kula wali. Mjomba alipata kazi ya kusafisha mabehewa na chumba huko Neasden, katika safu ya vijumba vya wafanyakazi wa reli vilivyokwisha kubomolewa.

"Treni," mama akasema.

"Treni, bibie. Ukinywa chai kwake unashika kikombe kwa mikono miwili."

Mjomba alifia kazini, ndani ya behewa, ana ufagio mkononi. Mzee huyu ndiye aliyemwosha, akamzika, yeye na wenzake wanne, siku ya mvua. Halafu, wiki ile ile, zikaja barua mbili za mama kutoka Unguja.

"Nikaziweka juu ya meko," mzee akasema. "Nikasema kesho nitamwandikia. Kesho nikaona nitamwandikia nini mtoto wa watu. Ukapita mwezi. Nikampa baharia maneno ayafikishe. Ukapita mwaka, sasa nikaona aibu, na aibu ukishaiweka ndani inazaa." Akanyanyuka kwa mkongojo wake, akafungua droo ya mashine ya cherehani, akatoa bahasha mbili. Hazikufunguliwa. Mwandiko ni wa mama, ule wa msichana aliyeandika kwa kubonyeza kalamu.

Nilitazama droo ile nikakumbuka karatasi zangu za bima. Hakuna aliyekuwa akinitazama.

"Nimekusamehe," mama akamwambia. "Lakini ungefungua mlango, bwana."

Alikuwa na karatasi ya makaburini pia, imekunjwa ndani ya msahafu: sehemu, safu, namba. Alikuwa akienda mwenyewe kila mwaka mpaka nyonga ilipomkatalia. Tukachukua teksi wanne. Ilitupeleka kaskazini, halafu magharibi, na kila tulivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuijua njia, mpaka tukaingia kwenye barabara ambayo basi letu hupita. Ukuta mrefu wa matofali mekundu, ambao mimi na mama tumeupita tukienda kununua ndizi mbichi na mihogo, tumeupita mara ngapi sijui. Geti liko baada ya kituo cha basi. Karani akatuonesha kwenye ramani yake. Sehemu, safu, namba. Hiyo nayo ni anwani, na hii ililingana.

Hapakuwa na jiwe. Palikuwa na kigingi cha chuma chenye namba, na majani yaliyokatwa vizuri, kati ya mtu wa Ayalandi na mtu wa visiwa vya Karibi. Mama akavua viatu. Nilimwambia kuna umande, akafanya kama hakunisikia. Akapiga magoti, akasoma Yasini yote kwa moyo, mzee amesimama nyuma anaitikia, na binti yangu, ambaye sijui alijifunzia wapi, ameinua mikono. Alipomaliza akatoa bahasha moja katika zile mbili, akaichana kwa ukucha.

"Hii haikukufika," akaliambia kaburi. Akaisoma kwa sauti.

"Kaka yangu mpenzi. Ama baada ya salamu, hali zetu ni njema, wasiwasi ni juu yako. Mtoto ameng'oka meno mawili. Nimepata cherehani ya mkono kwa mke wa muuza mafuta lakini sindano zimevunjika, tafadhali niletee sindano kama utapata mtu wa kuja. Nywele nimezipunguza, siku hizi nasuka mwenyewe, na mikia yangu inalingana, usiseme huku hakuna wanaojua. Kaka, umekaa sana. Rudi japo uje tukuone uende tena."

Akaishia hapo. Akaikunja barua mara nne, akafukua kidogo kwa kidole karibu na kigingi, akaitia. Ya pili hakuifungua. Aliirudisha kifuani mwake.

Alikaa sana pale chini. Tulipomwinua alinishika mkono kwa nguvu, na tulipokuwa tunamtangulia mzee kuelekea getini akasema kwa sauti ndogo, ya sisi wawili:

"Uliogopa nitaondoka."

"Ndiyo, mama."

"Miaka mitatu."

"Ndiyo."

"Sijakusamehe. Nitakusamehe nikifika." Akatembea hatua chache. "Nikatie tiketi kabla ya Ramadhani. Ya kwenda tu."

Usiku ule nilikaa na simu yangu natafuta tiketi, na yeye pembeni yangu na miwani anafuatisha kidole changu. Nikamwambia, na ilikuwa kweli, tiketi ya kwenda tu ni ghali kuliko ya kwenda na kurudi. Alinitazama akidhani namfanyia ujanja mwingine. Nikamwonesha. Akapiga ulimi. "Makubwa," akasema. "Basi kata hiyo ya kurudi. Tarehe weka unayotaka." Nikaweka miezi mitatu mbele.

Aliondoka Jumanne, na foronya yake kwenye mkoba wa mkononi. Alipofika Unguja alinipigia simu akaniambia amefika, pana joto, wamempokea, na ile habari yetu imekwisha. Hakusema habari gani. Mzee wa Kentish Town namwendea Jumamosi nampelekea supu, na ikiwa hali ya hewa nzuri tunapita makaburini. Mama ananiuliza kwenye simu kama majani yamekatwa. Namwambia yamekatwa. Namwuliza hajambo, anasema hajambo, anasikia vizuri, anakula pweza. Sauti yake imekuwa changa. Siku moja alinikatiza katikati ya maneno kwa sababu wageni wamekuja, akasema nipigie kesho, akasahau kukata, nikamsikia anavyocheka na watu nisiowajua.

Tarehe ya kurudi ikafika, mwezi wa saba, siku ya Alhamisi. Niliomba ruhusa kazini. Sikumwambia mtu. Nikapanda treni mpaka uwanja wa ndege, nikasimama penye kizuizi pamoja na madereva wenye vibao na watu wenye maua, ndege ikatua, na abiria wakaanza kutoka na masanduku yao. Nilijua hayumo. Nilisimama mpaka wote walipokwisha kutoka na mfagiaji akaniomba nisogee kidogo.